UZI: Tope, maji na chicha chekechea. Tunapangaje mchezo wa kuchafuka uwe na kazi ndani yake?

Mwl_Kifuu (#1)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walimu wa awali, wenye day care na wazazi wenye watoto wa miaka 2 hadi 5. Wengine karibuni mkae pembeni, chai ipo.

Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Tanga. Watoto 31, walezi watatu nikiwemo mimi, na dada wa jikoni ambaye ndiye mwenye akili kutuzidi sote, mtaona huko mbele.

Mwaka jana nilijiaibisha. Niliona video ya watoto wanachezea tambi zilizotiwa rangi, wamekaa kwenye beseni wanacheka, mambo safi. Nikanunua pakiti sita, nikachemsha usiku, nikatia rangi ya chakula nyekundu na kijani. Asubuhi nikazimwaga kwenye beseni kubwa katikati ya mkeka. Watoto wakasimama kuzunguka beseni kama watu waliofika msibani bila kujua marehemu ni nani. Mmoja akaanza kula. Mwingine akalia, akasema ni minyoo. Dada wa jikoni kasimama mlangoni na mwiko mkononi: "Mwalimu, hizo si zingetosha mchana wa leo?"

Nilipiga picha nyingi, nikarusha kwenye grupu la wazazi, makofi na mioyo kibao. Baada ya dakika kumi hakuna mtoto aliyebaki kwenye beseni. Mimi ndiye niliyebaki, nabandua tambi kwenye mkeka hadi saa sita.

Wiki hiyohiyo ikanyesha. Tuna mfereji wa bati uliotoboka upande wa jikoni, maji yanachuruzika pale hata mvua ikishakatika. Nikakuta watoto wanne wameokota vifuu na makumbi ya nazi, wanakinga maji, wanayahamishia kwenye shimo, wametengeneza kingo ya tope ili yasitoroke. Kingo inabomoka, wanaigandika upya. Wanagombana nani azibe na nani achote. Walikaa pale karibu saa nzima. Hakuna aliyewapangia.

Nikajiuliza usiku ule tofauti ni nini. Vyote ni kuchafuka. Jibu nililolipata ndilo linanifanya nifungue uzi: kwenye tambi hapakuwa na kitenzi. Utazitazama, utazibonyeza, basi. Kwenye mfereji palikuwa na kukinga, kuchota, kuhamisha, kuziba, kubomoka. Mimi nilipanga rangi na picha, mvua ikapanga kazi.

Tangu hapo sipangi tena kwa kuanzia na kitu. Naanza na kitenzi. Jumatatu naandika kimoja kwenye karatasi, nabandika mlangoni. Kukamua. Kumimina. Kukanda. Kuponda. Halafu ndipo natafuta vitu vitakavyokifanya kitenzi hicho kifanyike kwa namna nyingi. Wiki ya *kuchuja* ilikwenda hivi:

Jumatatu niliweka mchanga wenye kokoto, maji na chujio la chai. Basi. Watoto sita kwa zamu, kivulini, saa tatu hadi karibu saa nne. Jumanne nikaongeza kung'uto na kipande cha kanga kuukuu. Hapo mtoto wa miaka minne akagundua kwamba kung'uto linapitisha mchanga linazuia kokoto, na kanga inapitisha maji inazuia mchanga. Hakusema hivyo kwa maneno. Alifanya mara nyingi mfululizo, kisha akamvuta mwenzake mkono aje aone.

Jumatano ikawa zamu ya chicha. Dada anakuna nazi za mchana, chicha huwa inakwenda kwa kuku. Nikamwomba atupitishie kwanza. Tukaongeza maji ya vuguvugu na kifumbu alichokuja nacho kutoka kwao, cha bibi yake. Tui jepesi likatoka tena. Watoto wakapiga kelele, "Bado ipo! Bado ipo!" Yule dada aliyenisema kwa tambi akavuta kigoda akakaa nao. Hajakaa nao siku nyingine yoyote. Saa nne chicha ikaenda kwa kuku, hakuna chakula kilichopotea. (Muwe makini: chicha ni ya asubuhi ileile, inachacha haraka. Na vitu hivyo tukivichezea havirudi jikoni.)

Alhamisi sikuongeza kitu. Siku hii walimu wengi tunairuka kwa sababu tunaona aibu kurudia, tunadhani watoto watachoka. Wao ndiyo kwanza wanaanza. Ijumaa wakajaribu kuchuja tope, kanga ikaziba, maji hayapiti. Nikawauliza, "Tufanyeje?" Mmoja akasema tuisubiri. Mwingine akaikamua, tope likamrukia usoni, na wiki yetu ikaishia hapo.

Sasa naomba uzoefu wenu. Mnafanyaje na wazazi? Na maji? Na mdogo anayekataa kabisa kugusa? Twende kazi.

BabaWawili (#2)

Mwalimu nakuheshimu, lakini acha niseme la wazazi wengi walio kimya humu. Nalipa ada. Mtoto anaondoka nyumbani amepakwa mafuta, kavaa soksi nyeupe, anarudi na tope masikioni. Mtoto wa jirani yangu, umri uleule, anasoma a-e-i-o-u hadi ba-be-bi. Wangu ukimuuliza leo umejifunza nini anasema, "Tumechuja." Umechuja nini? "Mchanga." Kuchezea tope mimi nilichezea bure, kijijini, bila ada.

Mwl_Kifuu (#3)

Baba, karibu, na asante kwa kusema wazi. Tena umenichekesha kwa hilo la "tumechuja", maana ndilo neno lenyewe nililotaka arudi nalo.

Nikujibu kwa jambo moja tu. Chukua maneno haya: kuvuja, kuchuruzika, kutiririka, kudondoka, kutota, kutuama, kufurika. Mtoto wako atajifunzia wapi tofauti ya *kuvuja* na *kuchuruzika*? Ubaoni? Hayo hayachoreki. Anasimama na kopo lililotobolewa tundu moja, halafu jingine matundu kumi, na mtu mzima yuko pembeni anataja neno kwa wakati wake. Siyo kumhubiria. Neno moja, likae. Kusoma kunakuja, na siku anakutana na neno "tiririka" kwenye kitabu cha darasa la pili awe tayari amelishika kwa mikono.

Na mkono usioweza kukamua kitambaa utaishikaje penseli? Wale wangu wanaoshindwa kuandika, wengi nikiwapa udongo waukande naona vidole havina nguvu.

Kuhusu soksi nyeupe una haki. Hilo ni kosa la kituo. Kwangu kila mtoto ana fulana moja kuukuu ya baba yake, anavaa juu ya nguo zake nyuma-mbele, inafika magotini. Wazazi wanaileta siku ya kuandikisha, pamoja na kikombe na picha.

Awali94 (#4)

Mwl Kifuu, hongera, ila nimesoma "watoto sita kwa zamu" nikacheka peke yangu kama chizi. Mimi nina darasa la awali, shule ya serikali, mkoa wa Dodoma. Watoto 94. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nipo peke yangu na chaki. Maji tunachota mbali na mwalimu mkuu anayahesabu. Nikisema leo tunacheza tope, nani atawaosha?

Sipingi. Kona za ujifunzaji tumefundishwa semina, nazipenda. Nataka mtu aniambie inavyofanyika kwa 94.

Chungu_cha_Matema (#5)

Mwalimu wa 94, mimi siyo mwalimu ila natoka Kyela, na bibi zangu ni wafinyanzi. Wakisi, wale ambao vyungu vyao mnavinunua Matema. Usianze na tope la maji, litakushinda. Anza na udongo wa mfinyanzi uliokandwa tayari. Hauhitaji maji darasani. Kila mtoto bonge la ukubwa wa ndimu, juu ya kipande cha jani la mgomba, na kama huko Dodoma migomba hakuna basi juu ya kipande cha mfuko wa saruji kilichokung'utwa vizuri.

Kuujua udongo: chukua kidogo, loanisha, viringisha kama kamba ya unene wa kidole kidogo, kisha uizungushe kidoleni. Ikikatika na kupasuka, una mchanga mwingi. Ikizunguka bila kupasuka, huo ndio. Chimba kwenda chini, usichukue wa juu, na usichimbe karibu na choo wala njia ya ng'ombe. Uanike, uponde, utoe mizizi na vijiwe, uloweke siku mbili tatu, umwage maji ya juu, uukande kwa kuukanyaga.

Ukimaliza kipindi, mabonge yote yanarudi kwenye ndoo, unafunika na gunia bichi. Ukikauka, unaponda unaloweka upya. Udongo hauishi. Bonge lile la Januari ndilo utakalofungia mwaka.

Mikono? Waache wasugue viganja hadi udongo ukauke na kupukutika wenyewe. Hapo umeshaokoa nusu ya maji. Kilichobaki ni kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kamba, na sabuni.

Awali94 (#6)

Kumbe! Hili la kupukutisha sijawahi kulisikia semina yoyote. Mabonge 94 ya ukubwa wa ndimu hayajazi hata ndoo moja ya lita 20. Hilo naliweza. Naliandika.

Mwl_Kifuu (#7)

Na ukitaka la maji, mwalimu, usijaribu kwa wote. Kona moja ya maji, watoto wanane kwa siku, majina yameandikwa ukutani ili wajue zamu yao inakuja. Wote watapita ndani ya siku kumi na mbili za shule, na mtoto anaweza kusubiri akijua kweli zamu itafika. Kisichovumilika ni kuahidiwa halafu bwana mkaguzi akaja, zamu ikafa.

NesiMstaafu (#8)

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, sitaki kuwatisha, ila kuna mambo lazima mtu ayaseme.

Udongo una minyoo. Safura inaingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu. Mayai ya minyoo ya mviringo yanaingia kwa mdomo, vidole vikiwa na udongo chini ya kucha, na yanaweza kukaa hai ardhini muda mrefu sana. Kwa hiyo nne hizi hazina mjadala: kucha fupi, viatu au kandambili wakiwa kwenye udongo wa nje, sabuni kabla ya uji, na dawa ya minyoo. Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, Juni na Desemba, watoto wa chini ya miaka mitano wanapewa vitamini A na dawa ya minyoo. Mwalimu uliza kadi. Wakati unaiuliza, angalia na chanjo, kwa ajili ya pepopunda.

Mchanga wa kwenye sanduku ufunikwe kwa turubai kila jioni, paka wanaujua kuliko watoto. Kama ni mchanga kidogo wa kwenye beseni, ukaange. Ndiyo, kwenye sufuria kuukuu, kama wanavyoukaanga wauza karanga. Uache upoe kabisa.

Maji ya mtoni, ya bwawani, ya ziwani, usiyalete kwenye mchezo. Kichocho. Maji ya mvua yaliyokingwa sawa.

Tena, na hapa sicheki: maji machache yanaua. Mtoto wa miaka miwili kichwa chake ni kizito, akiinamia ndoo ya lita 20 akatumbukia kichwa hawezi kujitoa, hata kama maji ni kidogo. Tumieni beseni pana la kina kifupi, na mtu mzima akae pale asitoke hata kuitikia simu. Mchezo ukiisha, maji yanamwagwa, hayaachwi "kwa ajili ya kesho".

Vitu vya kuepuka: maharage na karanga kwa walio chini ya miaka mitatu, nimetoa puani nyingi mno. Maharage makavu mabichi yakitafunwa yanadhuru tumbo. Unga uliooza au wenye ukungu msiseme "huu ni wa kuchezea tu", una sumukuvu na mtoto atajilamba vidole. Hata unga mzuri mbichi unaweza kubeba vijidudu, bora upikwe. Muhogo mchungu mbichi hapana. Na piko ya nywele isiguse mtoto, msichanganye na hina.

Mtoto anayekula udongo kila siku, siyo kuonja, kula kweli, mpelekeni akapimwe damu. Hilo siyo suala la mchezo tena.

Mwl_Kifuu (#9)

Shikamoo mama. Hili la kukaanga mchanga kama wa karanga nimelipenda kupita kiasi. Naongeza moja upande wangu: tuna mtoto mwenye ualbino. Kila kitu tunafanya chini ya mwembe kabla ya jua kukasirika, kofia na mikono mirefu chini ya fulana. Siyo yeye akae ndani wenzake wakicheza. Kona ndiyo inayohama.

Mbali_na_Pwani (#10)

Nawasalimu kutoka Uingereza. Mimi ni mtoto wa Muheza, nafanya kazi nursery huku, chumba cha watoto wa miaka miwili. Mtu mzima mmoja kwa watoto watano, zamani ilikuwa wanne, sheria ya England ilibadilika Septemba 2023. Mwalimu wa 94 nakuonea huruma na aibu kwa pamoja.

Nataka niwaambie kitu cha kuchekesha. Huku watu wananunua "jiko la tope". Meza ya mbao yenye sinki la kuigiza, imetengenezwa kiwandani, bei yake ukiigeuza kwa shilingi unakosa usingizi. Wananunua na udongo wa kwenye mifuko. Tarehe 29 Juni kuna Siku ya Kimataifa ya Tope. Mimi nikiwa mdogo nilipika ugali wa tope kwenye kifuu chini ya mnazi bila siku yoyote kutangazwa.

Lakini kuna walichonifundisha. Mwaka 1914 dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule ya watoto wadogo Deptford, London, mtaa wa watu hohehahe wakati ule. Ilikuwa bustani zaidi kuliko jengo, na kuwaosha watoto kulikuwa sehemu ya siku yenyewe, siyo adhabu ya mwishoni. Hilo nimelibeba. Nyie mnaosema "nani atawaosha", jaribuni kuifanya *kuosha* kuwa kitenzi cha wiki. Wape vifuu vilivyochafuka, maji na nyuzi za makumbi wasugue. Wangu wa miaka miwili wanaosha viazi vyenye tope kwa nusu saa bila kugombana, na mtu wa jikoni anashukuru.

Kingine, huku tambi na mchele kwenye michezo vinapunguzwa siku hizi, wengi wameona vibaya watoto kumwaga chakula wakati kuna familia zinazopanga foleni za chakula cha msaada. Dada yako wa jikoni aliona mapema.

Na kuhusu picha, usijilaumu. Huku nako kuna mameneja wanaopanga kwa ajili ya picha. Mtoto anapakwa rangi kiganja kwa nguvu, anabandikwa kwenye karatasi, "kazi ya Amelia". Amelia hakufanya kitu. Alishikwa mkono.

BabaWawili (#11)

Hilo la kiganja nimelipata ofisini kwangu limebandikwa ukutani. Kumbe mwanangu alishikwa mkono? Hahaha, jamani.

Ila swali la kweli. Mdogo wangu wa miaka miwili na nusu hataki kabisa kugusa kitu kinachonata. Uji ukimdondokea mkononi analia hadi ufutwe. Nyie mngemlazimisha azoee?

Mwl_Kifuu (#12)

Baba, hapana. Usimlazimishe hata kwa mzaha. Nina wa hivyo wawili. Mmoja nilimpa kijiti. Alichora kwenye tope kwa kijiti wiki tatu, akiwa kasimama mbali, mkono umenyooka. Baadaye akakubali kijiko. Kijiko kina mpini mfupi, unaelewa. Mwingine hadi leo anachagua kuwa mgawa maji: anashika kata na kuwamiminia wenzake, mikono yake mikavu. Ni kazi kamili, nami sihesabu kama ameshindwa.

Kuna na njia ya mfuko: uji mzito wenye rangi ndani ya mfuko wa plastiki mgumu uliofungwa kwa gundi pande zote, anabonyeza kwa nje. Awe chini ya macho yako muda wote, plastiki na mtoto mdogo haviachwi pamoja.

Akiwa analia kwa vitu vingi vingine pia, sauti, lebo za nguo, kukatwa nywele, mwone mtaalamu wa watoto. Ikiwa ni uji tu, mpe muda na kitambaa chake cha kujifutia. Kitambaa karibu kinampa ujasiri.

Wala usisahau kuna wenye pumu ya ngozi. Unga wa kuchezea wenye chumvi unawachoma kwenye michubuko. Muulize mama yake kwanza.

Kalongo254 (#13)

Salamu kutoka Nakuru. Mwalimu wa PP1 hapa, yaani awali mwaka wa kwanza. Sisi mchezo wa kupika tope tuliuita kalongolongo, na leo nimejua nilikuwa nafanya utafiti.

Nichangie la rangi, kwa sababu rangi za dukani zinanimaliza mfuko. Pika uji mzito wa wanga wa muhogo au wa mahindi, uache upoe, ugawe kwenye makopo. Manjano ya jikoni inatoa rangi ya njano. Mkaa uliopondwa na kuchekechwa, nyeusi. Ua la choya lililochemshwa, nyekundu ya damu ya mzee. Udongo mwekundu uliochujwa, hudhurungi.

Sasa kitenzi cha mwalimu Kifuu: *kugeuka*. Weka uji wa manjano kwenye sahani, mtoto adondoshe maji ya magadi, yale ya kuchemshia mahindi. Inageuka nyekundu kama matofali mbele ya macho yake. Akamulie ndimu, inarudi njano. Maji ya choya nayo ukitia magadi yanapoteza wekundu, yanaelekea samawati na kijani, ukitia ndimu wekundu unarudi. Magadi kidogo tu kwenye maji mengi, mwalimu ndiye anayechanganya, yasifike machoni, na wenye vidonda mikononi watumie kijiko. Watoto wangu waligeuza na kurudisha hadi ndimu zikaisha. Mmoja akaniuliza kama akimkamulia ndimu dada yake naye atarudi.

Onyo: manjano haitoki kwenye sare. Nilipata malalamiko ya wiki nzima na mzazi mmoja akaniletea shati mezani. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba ukifua na kuanika juani siku kadhaa, jua linaila. Ila siku ile sikujua, nikanunua shati.

Awali94 (#14)

Nimerudi kutoa ripoti. Jumanne nilifanya udongo na wote. Kitenzi nilichoandika ubaoni: *kuviringisha*. Nilidhani itakuwa vurugu. Dakika tano za mwanzo ilikuwa vurugu. Halafu darasa likanyamaza. Sijawahi kusikia darasa langu limenyamaza bila fimbo mezani. Mwalimu wa darasa la kwanza akachungulia dirishani akidhani nimewaacha.

Wengi walitengeneza nyoka. Nikauliza nani ana nyoka mrefu kuliko wote. Wakaanza kupanga nyoka sakafuni, ncha kwa ncha, wakaulizana huyu wa nani. Mmoja akamkunja nyoka wake mrefu akasema sasa amekuwa mfupi, mwenzake akasema hapana ni yuleyule amelala. Wakabishana hadi kengele.

Kilichonishinda: kukusanya. Mabonge 94 yalitoka, yalirudi machache. Mengine yamekwenda nyumbani mifukoni.

Mbali_na_Pwani (#15)

Mwalimu, huo ubishi wa nyoka aliyelala! Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, alikaa miaka akiwauliza watoto maswali hayohayo, kwa udongo na kwa maji ya kwenye glasi nyembamba na pana. Watoto wa umri huo wengi wanaamini kitu kikibadilika umbo kimebadilika kiasi. Usimkosoe aliyesema amekuwa mfupi. Wiki ijayo mpe udongo tena, umuulize tena.

Chungu_cha_Matema (#16)

Mabonge yaliyokwenda nyumbani usiyadai. Bibi yangu alikuwa anasema mtoto akiiba udongo ameshaanza kazi. Chimba ndoo nyingine.

NesiMstaafu (#17)

Mifukoni, halafu mkono huohuo kwenye muhogo wa barabarani. Wakumbushe sabuni, mwalimu.

BabaWawili (#18)

Wakuu, nimesoma uzi mzima pamoja na mama watoto. Bado nataka ba-be-bi yangu, hapo sijabadilika. Lakini kuna tukio la jana usiku naomba ufafanuzi wa kitaalamu. Mkubwa alichukua chujio la chai la mama yake, akaenda nalo bafuni, tukamkuta anachuja maji ya ndoo ya chooni. Kimya kabisa, kakunja uso kama fundi. Mama yake kapiga kelele, yeye kasema, "Ngoja kwanza, bado hayajaisha." Mwalimu, hiki nacho ni kitenzi?

Mwl_Kifuu (#19)

Ni kitenzi baba. Nunua chujio jingine.

NesiMstaafu (#20)

Nunua mawili. Na mlango wa bafu ufungwe, hiyo ndoo imwagwe usiku huu.